TAKWIMU SI JINI: MAANDALIZI YA MTIHANI WA KWANZA



Kila mwaka Kidato cha Nne kinapokaribia mada ya takwimu, minong'ono huzagaa bwenini kama moshi wa kuni mbichi. "Hiyo ni fomula tupu, wewe kremu tu." Basi utaona vipande vya karatasi vimebandikwa juu ya vitanda, kila kimoja na fomula yake ndefu kama treni ya Mombasa, na mwenye kitanda akiikariri hata usingizini. Ukimwuliza fomula hiyo inatafuta nini, anakutazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

Mwaka huu, mtihani wetu wa kwanza wa Takwimu ya Pili ulipotangazwa, wanachama watano wa chama chetu tulijiwekea sharti moja: hakuna kuandika fomula yoyote kabla ya kuieleza kazi yake kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu wa Kidato cha Kwanza. Mwanzoni tulitaka tu kuwajibu wale wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na soko, hisabati hakiiwezi. Waama, tulipata zaidi ya tulichokitafuta, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza tujue uzito wa mzigo. Katika mtaala wetu wa 8-4-4, takwimu hufunzwa mara mbili: Kidato cha Pili, kisha tena Kidato cha Nne. Wadogo zetu wa mtaala wa umilisi nao hawakuziepuka. Karatasi ya Pili ya hisabati ya KCSE ina alama 100 kwa muda wa saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ambayo lazima yote yajibiwe. Sehemu ya pili ina maswali 8 nawe unachagua 5, kila moja alama 10. Swali la takwimu likiangukia sehemu hiyo ya pili, wengi hulipita mbio kama nyumba yenye mbwa mkali. Alama 10 unaziacha mezani! Na kwa hakika ni swali lenye huruma kuliko mengi ya jirani zake, kwa kuwa hatua zake hazibadiliki sana.

Mtihani huja kwa Kiingereza, hilo halina ubishi. Kwa hivyo daftari letu tulilipiga mistari likawa na safu tatu: neno la karatasi ya mtihani, neno letu la Kiswahili, na swali ambalo neno hilo hujibu. Safu ya tatu ndiyo iliyotutoa jasho. Nitawapitisha katika baadhi ya kurasa zake.

Tuanze na ndugu watatu: wastani, kati na modi. Wastani hujibu swali hili: vitu vyote vikikusanywa pamoja kisha vigawanywe sawasawa, kila mmoja atapata vingapi? Kati, ambayo wengine huiita mediani, huuliza: wote wakipanga foleni kuanzia mdogo hadi mkubwa, ni nani aliyesimama katikati? Modi huuliza: ni kipi kilichojirudia zaidi? Maswali matatu, watu watatu tofauti. Ajabu ni kwamba wengi huwachukulia kama mtu mmoja mwenye majina matatu.

Huku kwetu, kati ya Ruiru na Thika, kahawa si ngeni, ijapokuwa mashamba kadhaa yamegeuka ploti na nyumba za kupangisha. Hata aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ilipata jina kutokana na kituo cha utafiti kilichoko Ruiru. Basi tuseme wachumaji tisa wameleta madebe haya kwa siku moja: 3, 4, 4, 5, 5, 5, 6, 6, 7. Jumla ni 45, wastani ni 5. Aliye katikati ya foleni, yaani wa tano, ana madebe 5. Linalojirudia zaidi ni 5. Ndugu wote watatu wanasema neno moja, na mwanafunzi anaridhika na kulala.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Yule wa madebe 7, siku ya pili anakuja na mume, watoto na shemeji, wote wanachuma lakini kazi inaandikwa kwa jina lake yeye. Anapimiwa madebe 25. Jumla inakuwa 63. Wastani unaruka hadi 7. Kati inabaki 5. Modi inabaki 5. Tazama tena hiyo foleni: 3, 4, 4, 5, 5, 5, 6, 6, 25. Watu wanane kati ya tisa wako chini ya wastani! Msimamizi akisema, "Wachumaji wangu huleta madebe saba kwa wastani," hajadanganya hata chembe, lakini hakuna mchumaji hata mmoja aliyeleta saba.

Mwenzetu mmoja aliposikia hayo aliamua kwamba wastani ni kipimo cha uongo na kati ndiyo kipimo cha haki. Tukabishana hadi kengele ya chakula. Mimi nashikilia kwamba hilo ni kosa la upande wa pili. Dereva wa lori anayekuja kubeba kahawa hiyo hana haja ya kujua aliye katikati ya foleni. Anataka kujua mzigo wote, na wastani mara idadi ya watu humpa mzigo wote: 7 mara 9 ni 63. Kati mara tisa ingempa 45, na madebe 18 yangelala shambani. Lakini kijana anayetaka kibarua na anauliza, "Mtu wa kawaida kama mimi nitachuma ngapi?" huyo mpe kati. Kipimo huchaguliwa kulingana na aulizaye, na mtahini naye hupenda kuuliza ni kipimo gani kinafaa zaidi na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ina alama yake.

Kati ina kisa chake mashuhuri. Mwaka wa 1907 Mwingereza Francis Galton aliandika katika jarida la *Nature* habari za shindano la kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth. Alikagua tiketi 787 zilizosomeka. Wakisiaji walikuwa mchanganyiko: wachinjaji, wakulima, na watu wa kupita tu. Alipozipanga kwa foleni, ya katikati ilisema ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Tofauti ni 9 tu, haifiki hata sehemu moja kwa mia. Galton aliipenda kati kwa sababu ile ile ya mama wa madebe 25: mtu mmoja akiandika nambari ya kichaa, haivuti foleni nzima.

Huenda unajiuliza, je, wastani lazima uwe kitu kinachoonekana? La hasha. Katika sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, Wakenya walihesabiwa 47,564,296, na wastani wa watu katika kaya ukawa 3.9. Tulipoisoma nambari hiyo, kijana mmoja aliuliza, "Sasa huyo wa nukta tisa ni nani, kitinda mimba?" Tulicheka, lakini swali lake ni zuri kuliko anavyofikiri. Hakuna kaya ya watu 3.9 toka Mugutha hadi Mandera. Nambari hiyo ni ya kugawana. Kwa hivyo usifanye kama wale wanaopata wastani wa 3.9 kwenye karatasi, wakaona aibu kumkata mtu, wakaandika 4. Jibu liache lilivyo, isipokuwa umeagizwa kulikadiria.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe, kwenye data zilizowekwa katika makundi. Hapa ndipo maji huzidi unga. Tuchukue alama za wanafunzi 40 (hizi nimezitunga mwenyewe, msianze kutafuta ni darasa gani): 10–19 wanafunzi 4, 20–29 wanafunzi 6, 30–39 wanafunzi 10, 40–49 wanafunzi 12, 50–59 wanafunzi 6, 60–69 wanafunzi 2.

Mara alama zinapoingia katika makundi, hatumjui tena mtu binafsi. Wale wanne wa kundi la kwanza tunajua tu kuwa wako kati ya 10 na 19. Tunawafanyaje? Tunawaweka wote katikati ya kundi lao, 14.5, kana kwamba wamekubaliana kukutana hapo. Ndiyo maana wastani wa data za makundi huitwa makadirio. Ukilielewa hilo, safu ya alama za katikati haitakuponyoka tena, maana utajua ni makao ya watu.

Ungeweza kuzidisha 14.5 kwa 4, 24.5 kwa 6 na kuendelea hivyo hadi mwisho, lakini ni safari ya mguu wakati matatu ipo. Matatu hiyo ni wastani wa kukisia. Chagua alama ya katikati ya kundi lililo karibu na kitovu, tuseme 34.5. Uliza kila kundi liko hatua ngapi kutoka hapo, kila hatua ikiwa ni 10. Utapata -2, -1, 0, 1, 2, 3. Zidisha kwa idadi ya watu: -8, -6, 0, 12, 12, 6. Jumla ni 16. Gawanya kwa 40 upate 0.4. Hatua 0.4 ni alama 4. Kwa hivyo wastani ni 34.5 na 4, yaani 38.5. Hesabu yote haikuhitaji kikokotoo. Ukichagua kisio jingine, mfano 44.5, utafika pale pale 38.5; jaribu uone. Ni kama kupima umbali wa kufika Thika ukianzia Ruiru au ukianzia Juja: mahali pa kuanzia pamebadilika, Thika haijasogea.

Jambo dogo lenye makali ni mipaka ya makundi. Kundi moja linaishia 39 na linalofuata linaanza 40. Je, hapo katikati pana shimo? Tunaliziba kwa kugawana nusu kwa nusu: mpaka ni 39.5. Ukijumlisha watu toka mwanzo unapata 4, 10, 20, 32, 38, 40. Haya ndiyo marudio limbikizi. Grafu yake, iitwayo ojivi, inajibu swali hili: kufikia hapa, ni watu wangapi wamekwisha kupita? Na kwa kuwa swali ni "kufikia hapa", nukta lazima iwekwe kwenye mpaka wa juu wa kundi, yaani 19.5, 29.5, 39.5 na kuendelea. Ukiiweka kwenye alama ya katikati unasema watu wote wanne wamepita hali wengine wako njiani bado. Mstari wenyewe huanza chini, 9.5, ambapo hajapita mtu yeyote.

Kutoka kwenye ojivi hiyo, nusu ya 40 ni 20. Toka 20 kwenye mhimili wa wima, nenda hadi kwenye mstari, shuka chini: 39.5. Hiyo ndiyo kati. Robo ya kwanza, mtu wa 10, iko 29.5. Robo ya tatu, mtu wa 30, yumo ndani ya kundi la 40–49: tunahitaji watu 10 kati ya 12 wa kundi hilo, kwa hivyo 39.5 ongeza sehemu 10 ya 12 ya upana wa 10, jibu ni karibu 47.8. Yaani nusu ya darasa, ile ya katikati, imebanana kati ya 29.5 na 47.8.

Histogramu nayo wengi huiona kama michoro ya watoto, hadi siku upana wa makundi unapotofautiana. Tuseme mtahini ameunganisha makundi mawili ya mwisho kuwa 50–69, wanafunzi 8. Ukichora nguzo ya kimo cha 8 na upana maradufu, umedanganya macho. Fikiria kibaba cha unga. Ukikimwaga kwenye sinia ndogo, unga unasimama juu. Ukikimwaga kwenye sinia pana mara mbili, kimo kinashuka nusu, lakini unga ni ule ule. Katika histogramu unga ndio watu, na unga ni eneo la nguzo, si kimo chake. Kwa hivyo nguzo hiyo ichorwe kimo cha 4. Tangu mfano wa unga utolewe, hakuna hata mmoja wetu watano aliyehitaji kukumbushwa.

Sasa tumfikie yule anayeogopwa zaidi, mkengeuko sanifu. Jina lake tu linaweza kumpa mtu homa. Swali lake ni jepesi: kwa kawaida, data zimekaa mbali kiasi gani na wastani wao?

Chukua steji mbili za matatu. Asubuhi tano mfululizo unapima dakika za kungojea. Steji ya kwanza: 9, 10, 10, 10, 11. Steji ya pili: 2, 4, 10, 16, 18. Kila moja jumla yake ni 50, wastani dakika 10. Kati ni 10 kote kuwili. Mtihani unaanza saa mbili kamili. Utasimama steji gani? Mtu yeyote aliyewahi kuchelewa mtihani anajua jibu, wala hajasoma takwimu. Takwimu inampa tu nambari ya kile anachokijua mwilini.

Ukitoa wastani kwa kila siku ya steji ya pili unapata -8, -6, 0, 6, 8. Ukijumlisha, hasi na chanya huuana, unabaki na sifuri. Na itakuwa sifuri siku zote, kwa data yoyote, kwa sababu ndivyo wastani ulivyo: umesimama mahali ambapo mvuto wa kushoto ni sawa na wa kulia. Ndiyo maana tunazipiga nambari hizo kipeo cha pili, ili hasi ziondoke: 64, 36, 0, 36, 64. Jumla 200, gawanya kwa 5 upate 40. Lakini hizo 40 ni dakika zilizozidishwa kwa dakika, kitu ambacho hakuna saa inayokipima. Tunatafuta kipeuo chake ili turudi kwenye dakika za kawaida: karibu 6.32. Steji ya kwanza ukiifanyia vivyo hivyo unapata 2, ukigawanya 0.4, kipeuo chake 0.632. Mara kumi kasoro! Samahani, si kasoro, ni mara kumi barabara.

Kwa ile data ya wanafunzi 40, tumia hatua zile zile za -2 hadi 3. Zipige kipeo cha pili na uzidishe kwa idadi ya watu: 16, 6, 0, 12, 24, 18, jumla 76. Gawanya kwa 40 upate 1.9. Toa 0.4 iliyopigwa kipeo cha pili, yaani 0.16. Inabaki 1.74, kipeuo chake 1.319. Kila hatua ni alama 10, basi mkengeuko sanifu ni karibu 13.2. Usisahau kurudisha ile 10 mwishoni. Karatasi nyingi huvuja damu hapo.

Neno kuhusu vikokotoo. Baadhi yake vina vitufe viwili vya mkengeuko, kimoja kinagawanya kwa idadi yote, kingine kwa idadi kasoro moja. Hicho cha pili ni cha wale wanaokadiria umati mkubwa kutokana na sampuli ndogo, kazi utakayoikuta mbele ya safari. Katika mtihani wetu tunagawanya kwa idadi yote. Tena, onyesha jedwali lako lote. Jibu tupu lililotoka kwenye kitufe halimwambii mtahini lolote kuhusu ulivyofika, na njia ina alama nyingi kuliko jibu.

Kuhusu siku zenyewe za maandalizi, sisi tulitumia Jumamosi tatu. Ya kwanza tuliimaliza kwa maneno tu, bila hesabu, na wawili walinung'unika kwamba tunapoteza wakati. Ya pili tulichora grafu kwa penseli iliyochongwa vizuri. Ojivi iliyochorwa kwa penseli butu inaweza kukusogezea kati kwa alama mbili nzima. Ya tatu tulijipimia saa: alama 100 kwa dakika 150 ni dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hivyo swali la alama 10 lina dakika 15. Jedwali likikamilika ndani ya dakika 6, grafu na maswali yake vinatosha muda uliobaki. Kesha hatukufanya. Mada hii ina kujumlisha kwingi, na macho yenye usingizi huisoma 6 kama 8.

Ili nisiwaache mikono mitupu, hili hapa zoezi. Wanafunzi saba walipanda miche siku ya mazingira: 2, 3, 3, 4, 5, 6, 19. Tafuta wastani, kati na modi. Kisha, mwalimu mkuu anataka kununua miche ya wanafunzi wengine saba wa aina hiyo hiyo: atumie kipimo gani? Na yule mwalimu wa zamu anayetaka kujua mwanafunzi wa kawaida hupanda miche mingapi, atumie kipi? Majibu pamoja na sababu, kwa Kiswahili, yaletwe kwa mhariri kabla ya likizo ya Agosti.